Traiki ya kuegemea: tafuta kiti cha juu na tairi nene, kasi iache

Msimamo wangu ni huu. Kama unatafuta traiki, yaani baiskeli ya matairi matatu, ya kuegemea kwa ajili ya matembezi ya kujifurahisha, na njia zako ni changarawe, udongo na lami kidogo, achana na zile za chini kabisa zilizochongwa kwa ajili ya mbio. Nunua yenye kiti kilichoinuka, tairi nene na gia nyepesi mno. Utakwenda taratibu, lakini utaendelea kuiendesha mwaka baada ya mwaka badala ya kuiegesha gereji.

Kwa asiyezijua: mwendeshaji hukaa kwenye kiti chenye mgongo, mara nyingi cha wavu, miguu ikiwa mbele kwenye pedeli na mikono ikishika usukani ulio kando ya mapaja. Uzito unabebwa na makalio na mgongo mzima. Viganja havifi ganzi, shingo haikazi, na ile siti nyembamba inayoumiza haipo. Ndiyo maana watu wenye migongo mibovu, waliofanyiwa upasuaji wa nyonga, au wasiojiamini tena kwenye matairi mawili, huzikimbilia. Ni chache barabarani kwa sababu ya historia. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa kwenye baiskeli ya kuegemea ya Charles Mochet, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaamua kwamba baiskeli za namna hiyo zisihesabiwe kwenye mbio na rekodi zake. Viwanda vikubwa vikaziacha, mafundi wachache ndio wakaendelea nazo.

Mfano wangu ni njia mbili za huku Marekani ambazo Waswahili wengi wa Pennsylvania na Maryland wanaweza kuzifikia kwa gari asubuhi na kurudi jioni. Ya kwanza ni Great Allegheny Passage, kutoka Pittsburgh hadi Cumberland, kilomita zipatazo 240. Ilikuwa njia ya reli, kwa hiyo mwinuko wake ni mpole, na juu yake wamemwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ya pili inaanza pale Cumberland na kufuata mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio hadi Georgetown, Washington, kilomita 297. Hiyo ilikuwa njia ya nyumbu waliovuta mashua. Ina mizizi, mashimo na matope ya kunata mvua ikinyesha, na mahali pengi imebaki mikondo miwili ya matairi yenye nyasi katikati.

Sasa fikiria traiki kwenye mikondo hiyo miwili. Baiskeli ya kawaida inachagua mkondo mmoja na kupita. Traiki yenye matairi mawili mbele inaweka kila tairi la mbele mahali pake, halafu la nyuma linapanda nyasi, mawe na matuta ya katikati. Kila shimo unalolikwepa kwa tairi moja unalikuta kwa jingine. Hili wauzaji hawalisemi, kwa sababu dukani sakafu ni laini na barabara ya mbele ya duka ni lami. Mimi nashauri upime traiki kwa sehemu mbaya kuliko zote katika njia unayokusudia kuipita.

Kwanza kabisa angalia tairi. Milimita 47 au 50 za upana, zenye upepo wa kiasi, zinameza mtikisiko kuliko watu wanavyodhani, na zinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya springi. Kabla hujanunua, uliza kama fremu na madigadi vinaruhusu tairi za unene huo. Madigadi yenyewe si pambo: matairi mawili ya mbele yako sambamba na mikono yako, na tope linalorushwa linaishia kwenye viwiko na uso. Springi za nyuma ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Springi za magurudumu yote matatu, kama zilizo kwenye Scorpion fs ya kampuni ya Kijerumani ya HP Velotechnik, ni raha isiyo na ubishi. Lakini zinaongeza uzito na bei, na mtu wa kupita chokaa iliyosagwa mwisho wa wiki anaweza kuishi bila hizo. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningezimalizia kwenye gia.

Kwenye traiki huwezi kusimama juu ya pedeli ukasukuma kwa uzito wa mwili. Kila mlima unapandwa kwa miguu na magoti peke yake, na magoti ndiyo yanayolipa gia zikiwa nzito. Upande wa pili wa jambo hili unafurahisha: traiki haianguki ikienda polepole. Mwenye baiskeli ya kawaida akishuka chini ya mwendo fulani anayumba na kuweka mguu chini, lakini wewe unaweza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukapumzika katikati ya kilima breki ikiwa imefungwa, kisha ukaendelea. Kwa hiyo tafuta gia ya chini ambayo mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 1.6 au pungufu. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 6 kwa saa. Kutoka Cumberland kupanda hadi kilele cha Great Allegheny Passage, mita 729 juu ya usawa wa bahari, ni zaidi ya kilomita 35 za mwinuko usiokoma. Si mkali, lakini haukuachi upumue, na ndipo gia hiyo inapoonyesha thamani yake.

Utelezi nao upo. Traiki nyingi zinasukumwa na tairi moja la nyuma, na kwenye zile zenye mawili mbele tairi hilo linabeba theluthi tu ya uzito, au karibu na hapo. Kwenye kokoto zilizolegea linazunguka bure. Weka mizigo nyuma, punguza upepo kidogo, kanyaga kwa mduara laini bila kushtua. Zenye tairi moja mbele na mawili nyuma zina tabia tofauti: ni rahisi zaidi kuingia na zinakata kona nyembamba vizuri, na Kettwiesel ya kampuni ya Hase inaweza kuwekewa difrensha ili matairi yote mawili ya nyuma yasukume. Kwenye mteremko wenye kona mimi bado naziamini zaidi zenye mawili mbele.

Nirudi kwenye kiti, maana hapa ndipo ninapopishana na waendeshaji wengi. Wanasema traiki ya chini haipinduki kirahisi ukikata kona kwa kasi, na ni kweli. Lakini mtu wa matembezi anashuka na kupanda mara nyingi kwa siku: kunywa maji, kupiga picha maporomoko ya maji ya Ohiopyle kando ya Great Allegheny Passage, kwenda msalani. Kuna viti vilivyo sentimita 20 tu kutoka chini, vingine vinapita 40, na kiti cha kawaida cha mezani kina kama 45. Kwa goti lenye umri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utatoka kesho tena. Kiti cha juu pia huja na fremu iliyo mbali zaidi na mawe na mizizi. ICE Adventure na TerraTrike Rambler zimeundwa kwa fikra hii. Catrike 700 ni traiki nzuri sana, ila ni ya lami na ya wenye haraka. Ukichagua ya juu, kubali kupunguza mwendo kwenye kona na kuinamia upande wa ndani. Hiyo ndiyo gharama yake, na mimi nailipa bila kinyongo.

Jambo moja silijadili na mtu: miguu ifungwe kwenye pedeli, ama kwa viatu vya kunasa au kwa mikanda ya kushika kisigino. Mguu ukiteleza ukagusa ardhi traiki ikiwa inakwenda, unavutwa chini ya fremu, na mifupa huvunjika hivyo. Kwenye njia ya mizizi miguu inarukaruka, hivyo hatari ni kubwa zaidi. Nikimwona muuzaji anamwachia mzee aondoke na pedeli tupu, nasikitika kwelikweli.

Nenda dukani na mtu wa kukusaidia kunyanyua, maana nyingi zina uzito wa kilo 15 hadi 25, na mjue mapema kama itaingia kwenye gari lenu au itabidi iwe ya kukunja. Omba warekebishe urefu wa bomba la mbele linaloshika pedeli hadi goti libaki limekunjwa kidogo mguu unapofika mwisho. Kaa nusu saa, ukiona shingo inachoka inueni mgongo wa kiti. Kisha omba uitoe nje, kwenye kokoto na majani. Wakikataa, tafuta duka jingine.