Rogue usiiandike upya, ihamishe

Kila nikiwaonesha vijana wanaojifunza programu hapa Unguja msimbo wa Rogue, mchezo wa zamani wa kompyuta, hawafiki mbali kabla hawajauliza: "Maalim, si bora tuuandike upya tu?" Mmoja atataja lugha ya Python, mwengine Rust. Siwalaumu. Msimbo wenyewe unatisha kweli: majina ya herufi mbili tatu, aina za vigezo zimetangazwa nje ya mabano, na ukiutia kwenye kompaila ya leo, programu inayougeuza msimbo uwe lugha ya mashine, makosa yanajaa skrini. Lakini kuandika upya sikubaliani nako hata kidogo. Ihamishe, yaani msimbo ule ule urekebishe mpaka uende kwenye mashine za leo.

Mchezo huu ulianzia California mnamo 1980 hivi, kwa Michael Toy na Glenn Wichman waliokuwa wakisoma chuo kikuu huko Santa Cruz. Baadaye akaingia Ken Arnold wa Berkeley, yule yule wa maktaba ya curses inayokuwezesha kuandika herufi popote kwenye skrini. Ukasambaa pamoja na BSD, mfumo wa Unix wa Berkeley. Shujaa ni alama ya @, vyumba vya chini ya ardhi hupangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa. Panga linaumiza kiasi gani, zimwi linaamka lini, njaa inakushika saa ngapi: yote hayo yameandikwa kwa C ya kawaida isiyojali iko juu ya mashine gani, na bado ni mazima. Kilichooza ni sehemu ndogo inayozungumza na mfumo, yaani terminali, ishara (signals) ambazo mfumo huipelekea programu, saa na mafaili. Anayeandika upya anatupa kile kizima, halafu anajitafutia makosa mapya ambayo wenzake waliyamaliza miaka 40 iliyopita.

Na waliouandika wenyewe walijua hilo. Mambo mengi ya mfumo waliyakusanya kwenye faili moja, mach_dep.c. Lisome hata kama hutaki kuhamisha chochote, maana linachekesha. Zama hizo kompyuta moja ya VAX ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, na wachezaji walikuwa wakiwachelewesha wenye kazi. Basi Rogue iliweza kuwekwa ichungulie kumbukumbu ya keneli, kiini cha mfumo, kupitia faili la /dev/kmem, ijue mzigo ni kiasi gani, na mzigo ukizidi imwambie mchezaji aondoke. Leo, kwenye laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Darajani, mtumiaji ni wewe peke yako. Na Linux yenyewe iliiondoa /dev/kmem mwaka 2021. Sasa msimbo huo utauhamishia wapi? Ufute. Kufuta ni sehemu kubwa ya kazi hii, na ndiyo inayowapa watu woga zaidi.

Badala ya kufuta, watu huongeza #ifdef, agizo la kuiambia kompaila mistari ipi itumike kwenye mfumo upi. Moja ya Linux, moja ya Mac, moja ya mfumo uliokufa kabla wao hawajazaliwa, zote katikati ya kazi (function) moja inayosoma kitufe. Ni kama kuta za Mji Mkongwe za mawe ya matumbawe na chokaa zinazopigwa plasta ya saruji: kwa nje panapendeza, kumbe unyevu umefungiwa ndani, na plasta ikija kubanduka inaondoka na ukuta. Baada ya #ifdef ya nne hakuna anayejua mstari upi unaofanya kazi kweli. Mfumo ambao hakuna mtu anayeweza kuujaribu, uondoe. Uliobaki uwekee kazi yenye jina lake ndani ya faili moja, na mchezo uite jina hilo tu.

Ukikuta sgtty.h, njia ya zamani ya kuipangia terminali, usihangaike kuigeuza mstari kwa mstari iwe termios, njia ya leo ya kiwango cha POSIX. Mara nyingi curses ina kazi hiyo tayari: cbreak(), noecho(), na endwin() wakati wa kutoka.

Penye hatari hasa ni pale ambapo hapapigi kelele. Kwenye C ya zamani, kazi usiyoitangaza ilidhaniwa kurudisha int, yaani namba nzima. Watu wakaita kazi zinazorudisha pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, bila kutangaza chochote na mambo yakaenda, kwa sababu kwenye VAX int na pointa zote zilikuwa biti 32. Kwenye Linux ya biti 64, int imebaki 32 na pointa imekuwa 64. Anwani inakatwa nusu ya juu, na programu inakwenda kuandika pasipo pake. Kijana mmoja wa Wete aliniletea malalamiko kuwa mchezo unaanguka kila akiokota kitu. Alikuwa ameyazima maonyo yote kwa -w ili skrini isafike! Nikamwambia ayarudishe, na onyo la kazi isiyotangazwa likawa ndilo la mwanzo kabisa. Kompaila ya GCC, toleo la 14 la mwaka 2024, imeligeuza onyo hilo kuwa kosa, na watu wameilaani sana. Mimi naishukuru.

Jengine ni char, aina ya kigezo cha kuwekea herufi. Tazama mistari hii, ambayo utaikuta kwenye michezo chungu nzima:

char c;
while ((c = getchar()) != EOF)

Kwenye kompyuta za Intel char ina alama ya hasi, kwa hiyo EOF, alama ya kuwa hakuna tena cha kusoma, ambayo ni -1, inatambulika. Kwenye Raspberry Pi na mashine nyengine za ARM zenye Linux, char haina hasi: -1 inakuwa 255, sharti la kutoka halitimii abadan, na kitanzi kinazunguka mpaka feni ya seva ianze kulia. Dawa ni neno moja tu, int c. Huhitaji Rust kwa hilo.

Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho ningekilinda kwa nguvu zote, hasa huku kwetu. Rogue hukamata ishara ya SIGHUP, ile inayokuja terminali inapokatika, na kuhifadhi mchezo kabla ya kufa. Anayecheza kwa mbali, kwa SSH, kutoka Chake Chake, umeme ukakatika na ruta ikazimika, anajua thamani yake. Ila namna ilivyoandikwa haifai tena. Kazi ya kuhifadhi inaitwa moja kwa moja ndani ya ishara, inafungua faili na kuandika wakati mchezo wenyewe huenda umekamatwa katikati ya malloc, kazi ya kuomba kumbukumbu. Afadhali ishara iinue bendera tu, volatile sig_atomic_t, na kitanzi kikuu kikiiona ndicho kihifadhi. Tumia sigaction, si signal. Halafu kuna la GCC 15, ambayo inafuata C23, kiwango kipya cha lugha ya C, bila kuambiwa: mabano matupu sasa yana maana ya "hakuna kigezo", kwa hiyo void auto_save() haikubaliki kupewa signal mpaka uandike (int) ndani yake. Wapo wanaotia -std=gnu89, kuiambia kompaila ifuate C ya zamani, na kwenda zao. Siku ya kwanza sawa, uuone mchezo ukienda kabla hujagusa kitu. Ikifika wiki ya pili bado iko, basi hujahamisha chochote.

Uhifadhi wenyewe ndio kazi ndefu. Rogue za mwanzo zilimwaga kipande kizima cha kumbukumbu kwenye faili, na kurudisha kulikuwa kukirejesha mahala pale pale. Sasa anwani hubadilika kila programu inapoanza, kwa makusudi, kwa ajili ya usalama. Hapa hakuna njia ya mkato: andika kila kitu kwa jina lake, namba kwa uint32_t (biti 32 kwenye kila mashine), na pointa igeuze iwe nafasi ya kitu kwenye orodha. Muda utie kwa biti 64, kwa sababu ile ya 32 inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Mafaili ya zamani yaliyohifadhiwa usijaribu kuyasoma. Ukiuhitaji ule mchezo wa 1985, washa kiigizi cha VAX.

Wenye Windows huniuliza kama wao wameachwa. Hawajaachwa. Kuna PDCurses, curses inayokwenda kwenye Windows, na ukiwa umeshayatenga ya mfumo, Windows ni faili la pili lenye majina yale yale ya kazi. Ishara ya SIGHUP huko haipo, kwa hiyo huko ni juu yako kukumbuka kubonyeza S, uhifadhi kabla umeme haujakatika.