Nani kaoa, nani kafa, nani kala kwa nani: tunayaita umbea bure

Mwaka 1900 makarani wa sensa kule Marekani walikuwa na maswali mawili kwa akina mama ambayo mi kila nikiyafikiria yananikaa rohoni: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi. Sasa chukua mama wa shambani Tennessee, anajibu saba, hai wanne. Karani anaandika 7, anaandika 4, anaenda nyumba inayofuata. Wale watatu wameishia hapo kwenye hesabu ya kutoa, manake ile karatasi haikuwa na sehemu ya kuandika majina ya waliokufa.

Ndo maana siwezi kukubaliana na wanaosema magazeti madogo ya vijijini ya Marekani ya karne ya 19, yale yenye safu za fulani kaoa, mtoto wa fulani kafariki, familia ya fulani ilikula Jumapili kwa fulani, ni umbea wa kujazia kurasa na hayastahili hela ya kuskaniwa wala muda wa mtafiti. Wana hoja zao na zingine ni nzito kweli, nitazifikia. Ila naona wanayahukumu kabla ya kuelewa yalikuwa yanafanya kazi gani.

Kwanza tuangalie gazeti lenyewe lilivyotengenezwa. Congress, yaani bunge la Marekani, ilipitisha sheria mwaka 1851 kwamba gazeti la wiki lisafirishwe bure na posta ndani ya kaunti linapochapwa, kwa hiyo hata kamji kadogo kakaweza kuwa na gazeti lake. Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861, mhariri mmoja wa Baraboo, Wisconsin, anaitwa A. N. Kellogg, wachapaji wake wakaenda jeshini, ikabidi aagize karatasi ambazo upande mmoja umeshachapwa tayari habari za vita na siasa, yeye akamalizia upande wa pili na mambo ya kwao. Baadae akaigeuza kuwa biashara Chicago na wahariri wengi wa vijijini wakawa wanafanya hivyo hivyo. Angalia maana yake. Ile kurasa ya siasa na mambo ya dunia ambayo watu wanaiita "habari za maana" ilikuwa imenunuliwa, ile ile unaikuta kwenye gazeti la kaunti nyingine. Cha kwao wenyewe, ambacho huwezi kukipata kokote duniani, kilikuwa ni hicho kinachoitwa umbea. Na waliokiandika walikuwa watu wa vijiji vyenyewe, wengi wao wanawake, wanaandika kwa jina la kubuni, malipo yao karatasi, stempu na gazeti la bure.

Sasa nije kwenye namba ambayo mi huwa siwezi kuipita. Sensa ya 1890 ilihesabu watu karibu milioni 63. Tarehe 10 Januari 1921 moto ukawaka kwenye jengo la Wizara ya Biashara, Washington, karatasi za sensa hiyo zilikokuwa zimewekwa, kilichokoswa na moto kikalowa maji ya zimamoto, mabaki yakakaa miaka, na Februari 1933 Congress ikaruhusu yateketezwe, siku moja tu baada ya Rais Hoover kuweka jiwe la msingi la jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Majina yaliyobaki mpaka leo ni kama 6,160. Yaani kati ya watu elfu kumi amebaki mtu mmoja. Chukua kijiji cha watu mia tano, kisha vichukue ishirini vya namna hiyo, makanisa yote, mashule, mashamba, vilabu vya kuimba, wazee na vichanga, halafu katika vyote hivyo unabaki na jina moja. Kwa wengine wote unaruka kutoka 1880 mpaka 1900, miaka ishirini.

Utaniambia majimbo kama Kansas na Iowa yalifanya sensa zao 1885 na 1895, ni kweli, lakini mengi hayakufanya. Utaniambia kulikuwa na vyeti vya kifo. Massachusetts walianza kusajili mapema, 1841, sawa, ila Pennsylvania jimbo zima limeanza 1906, Kansas 1911, na mpaka nchi nzima iingie kwenye mfumo wa usajili ilikuwa 1933. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 1881 akafa kwa dondakoo 1891, na dondakoo ilikuwa inaweza kupita nyumba moja ikabeba watoto wawili watatu ndani ya wiki, huyo hayupo sensa ya 1880, hayupo ya 1900, ya katikati imeungua, na kwenye majimbo mengi cheti hakuna. Amebaki kwenye Biblia ya familia kama haijapotea, kwenye jiwe la kaburi kama wazazi walikuwa na hela ya jiwe, na kwenye mistari mitatu ya gazeti la kaunti. Hiyo mistari mitatu ndo inaitwa umbea.

Ndoa zina nafuu kidogo, kaunti nyingi zilikuwa na daftari la ndoa tangu zamani. Lakini mara nyingi unakuta majina mawili, tarehe na mchungaji, basi. Msichana akishaolewa anachukua jina la mumewe, ukimtafuta 1900 yupo nyumbani kwa mume na hamna kinachomuunganisha na kwao. Gazeti ndo linasema ni binti wa nani, harusi ilifanyika sebuleni kwa baba yake, kesho yake wakaenda kula karamu kwa wazazi wa bwana harusi, na usiku vijana wakaizunguka nyumba ya maharusi wakipiga masufuria na kengele za ng'ombe mpaka wapewe kitu. Wengine walimpelekea mhariri kipande cha keki na yeye akashukuru gazetini. Miaka ya themanini na tisini unakuta hata orodha ya zawadi imechapwa: fulani taa, fulani vijiko vya fedha, fulani kitambaa cha meza. Watu wanasema hayo ni majivuno. Mi naona ni kama daftari la michango, kila mtu anajua nani alikuja na nini na siku yake ikifika atarudishiwa vipi, na ukitaka kujua nani aliishi vizuri na nani pale kijijini hilo ndo la kusoma.

Na shughuli nyingine ni hivyo hivyo. Kusimamisha banda la shamba, kumenya mahindi, wanawake kukaa kushona mfarishi wa viraka, mnada wa masanduku ya chakula kuchangia shule, mikutano ya Grange, chama cha wakulima ambacho tangu kianzishwe 1867 kiliwapokea wanawake kama wanachama kamili. Ule ulikuwa msaragambo, sio starehe tu. Huwezi kunyanyua mbao za banda peke yako. Kwenye msiba ni majirani wanawake waliomuosha na kumvalisha maiti, watu wakakesha nae, seremala wa hapo hapo akapiga jeneza. Gazeti linapotaja waliokesha na waliobeba jeneza linakuonyesha nani alikuwa na watu na nani hakuwa nao.

Sasa upande wa pili, na huu siupuuzi. Wanasema safu hizo zinadanganya kwa kupamba. Kweli, marehemu wote ni wacha Mungu, wake wote ni wema, na mke mwenyewe mara nyingi anatajwa kwa jina la mumewe, Bibi John Smith, mpaka unamaliza kusoma tanzia yake hujui aliitwa nani. Wanasema pia ukichagua vipande unaweza kujenga kijiji chochote unachotaka. Mwaka 1973 kilitoka kitabu cha habari na picha za Black River Falls, Wisconsin, za miaka ya mwisho ya karne ile, kimejaa wendawazimu, magonjwa, watu kujiua na vifo vya watoto, msomaji anabaki na kijiji cha giza tupu, wakati magazeti ya aina ile yalikuwa na harusi na karamu wiki hizo hizo. Hoja hii naikubali, ila naona inatudai tusome gazeti zima wiki baada ya wiki, haitudai tuliache.

Hoja inayouma kweli ni ya nani hayumo. Mtu mweusi kwenye magazeti ya wazungu wa kusini alitajwa bila Bwana wala Bibi, kama alitajwa. Kabla ya 1865 ndoa ya mtumwa haikuwa ndoa mbele ya sheria, na sensa za 1850 na 1860 ziliandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, majina yao wenyewe hapana. Kwa hiyo anayesema safu hizi ni kumbukumbu ya kijiji anatakiwa aseme kijiji cha nani, na wapenzi wengi wa magazeti haya hawasemi, hapo wanakosea kabisa.

Lakini angalia watu hao hao walifanya nini safu ilipofika mikononi mwao. Mwaka 1877 gazeti la Wamethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilianzisha safu ya ndugu waliopotea. Mtu aliyekuwa mtumwa anaandika jina la mama, jina la aliyewamiliki, wapi walikouzwa, ndugu walikuwa wangapi, anauliza kuna anayejua walipo. Wasio wateja wa gazeti walilipa senti 50, na wachungaji waliombwa wazisome madhabahuni ili hata asiyejua kusoma asikie. Waliokuwa wanaandika humo walikuwa watu ambao serikali iliwahesabu bila majina. Nani yupo wapi, nani bado hai, binti wa nani aliolewa na nani. Ni maswali yale yale ya safu ya kijiji, na hakuna anayethubutu kuyaita hayo umbea.

Kuna jingine pia. Mkunga Martha Ballard wa Hallowell, Maine, aliandika shajara yake tangu 1785 mpaka alipofariki 1812, kazalisha nani, kamtembelea nani, nani kafa, hali ya hewa. Wanahistoria walioiona zamani waliiona ina mambo madogo madogo mno. Baadae akaja mwanahistoria akayahesabu hayo madogo, uzazi 816, na kutoka hapo ikaonekana uchumi mzima wa wanawake wa ule mji, kazi iliyopata tuzo ya Pulitzer 1991. Kilichobadilika ni msomaji tu, shajara ilikuwa ile ile.

Leo Maktaba ya Congress imeshaweka mtandaoni zaidi ya kurasa milioni 20 za magazeti ya zamani, na kila jimbo likipata fungu lake linachagua magazeti gani yaanze. Hapo ndo mabishano haya yanapogusa hela. Ukiyaita umbea, gazeti la mji mkubwa litatangulia kila mara na la kijiji litabaki kwenye boksi. Na hata likiskaniwa, kompyuta inasoma wino uliofifia vibaya, jina la mtoto linageuka herufi zisizo na maana, hulipati kwa kutafuta mpaka mtu akae alisome kwa macho yake. Mi ningewapa hao wa kijijini watangulie, manake habari za rais zipo pengine kwingi. Ila wale watatu wa yule mama wa Tennessee, kama majina yao yapo popote, basi yapo kwenye upande wa pili wa ile karatasi ya gazeti, chini ya jina la kijiji chao, wiki ile dondakoo ilipopita.