Msimwache Bibi wa Watu Aseme Peke Yake

Jumamosi iliyopita mtaani kwetu, huku Ngamiani, Tanga, kulikuwa na kigodoro, yaani muziki wa kukesha kwenye shughuli ya mtu. Spika zililetwa kwa mkokoteni baada ya magharibi, zikapangwa barabarani, moja ikielekezwa dirishani kwa bibi mmoja mjane anayelea mjukuu wa darasa la saba, mtoto anayejiandaa na mtihani wa Septemba. Besi ilipofunguliwa, mabati ya upenu wa yule bibi yalianza kutetemeka, na hayakutulia mpaka alfajiri.

Kelele zilinikera, lakini kilichonichoma ni kesho yake. Usiku kucha kundi la mtaa la WhatsApp lilikuwa linawaka moto. "Tumechoka!" "Huu si uungwana!" Asubuhi bibi akajitanda kanga, akaenda kwa mwenyekiti. Tuliomsindikiza tulikuwa wawili tu. Mwenyekiti akatoka naye hadi barazani, akawauliza majirani waliokuwa wanakunywa kahawa: jamani, na nyinyi mlisumbuliwa? Mmoja, ambaye usiku aliandika kuliko wote, akajibu, "Mimi mbona nililala fofofo." Wengine wakainama. Kufika jioni vijana walishampachika bibi jina: mama gubu.

Inauma sana. Akilalamika mmoja, anaonekana ana chuki na shughuli ya watu. Tukienda kumi, mwenyekiti hana pa kukwepea. Msiniambie hakuna sheria. Kanuni za udhibiti wa kelele zipo tangu 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Mabaraza ya kata yana sheria yake ya 1985, na kazi yake kubwa ni kusuluhisha watu. Polisi kata naye yupo. Lakini hakuna atakayekuja na kipimo cha sauti saa nane za usiku, na popote utakapopeleka shauri utaulizwa mashahidi wako wako wapi. Ukiwa peke yako, sheria yote hiyo inabaki kwenye karatasi.

Najua kwa nini watu wananyamaza. Huyu tutamzika, yule atatuzika, na kesho utakwenda kumuazima sufuria la pilau. Na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba shughuli bila ngoma Tanga haijawahi kuwa shughuli. Hakuna anayetaka harusi ziwe kama matanga. Ndiyo maana maneno yasemwe mapema, kabla spika hazijafika. Watu watano, wazee na akina mama wakiwemo, waende baada ya alasiri, wabishe hodi, wakae, wapongeze, halafu waseme: tunaomba muziki uishe saa sita, na spika zisielekee nyumba yenye mgonjwa wala mtoto wa mtihani. Mtaa umechangia mchele, umeazima viti na mikeka. Una haki ya kuomba hilo, na mwenye shughuli aliyelelewa atasikia. Asiposikia, watano hao hao waende kwa mtendaji, kila mmoja na jina lake.

Bodaboda zinazokatwa eksozi ili zipige kelele, njia ni hiyo hiyo: nendeni kwa mwenye pikipiki, msihangaike na kijana anayeiendesha.

Kuna wanaosema vijana wa kichochoroni, wale wa bangi, dawa yao ni kipigo. Hilo nalikataa kabisa. Wale ni watoto wetu, majina yao tunayajua na mama zao tunawajua. Mkianza kupiga, siku moja mtaua, na hapo hakuna atakayesema alilala fofofo.

Shughuli nyingine imeshatangazwa ya mwisho wa mwezi. Mimi na jirani yangu wa mbele tutakwenda kwa wenyewe Ijumaa hii baada ya alasiri. Tunatafuta watatu wengine.