Purini, saratani na sahani ya maabara

Mgonjwa wa gauti analijua neno purini, kwa sababu ameambiwa apunguze maini, figo na dagaa. Lakini purini ni kiungo cha DNA pia. Seli isiyoipata haigawanyiki.

Hapo ndipo watafiti wa dawa Gertrude Elion na George Hitchings wa Marekani walipotega mtego. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walipata dawa ya merkaptopurini, yaani purini iliyoondolewa oksijeni moja ikawekwa salfa. Seli huipokea kama purini halisi, kisha utengenezaji wa purini zake yenyewe unakwama. Walianza kuichunguza kwa bakteria waliooteshwa maabara. Mwaka 1953 ikaidhinishwa kutibu watoto wenye saratani ya damu, na hadi leo wanaitumia. Anayesema majaribio ya maabara hayana maana, aanze kwa kuwaangalia watoto hao.

Hata hivyo, kila ninapoona ujumbe unaosambazwa kwamba kiambata fulani "kimeua seli za saratani na kuziacha salama za kawaida", roho inaniuma kwa ajili ya familia zinazousoma kwa matumaini. Seli za kawaida kwenye sahani ya maabara mara nyingi hukua taratibu, na dawa ya purini hushika hasa seli inayogawanyika. Zimepona kwa kuwa zilikuwa zimetulia. Mwilini, uboho wa mifupa hautulii, nao huumia. Wapo waliozaliwa na kimeng'enya dhaifu cha TPMT, kinachopunguza nguvu ya dawa hii mwilini, ambao dozi ya kawaida ya merkaptopurini inaweza kuwaangamizia uboho.

Kuna na suala la lishe ya seli. Kile kimiminika cha waridi kinachozizunguka kwa kawaida hakina asidi ya yuriki, ambayo hutokana na purini zinapovunjwa mwilini, ilhali damu ya binadamu inayo tele; ndiyo hiyo inayomvimbisha mgonjwa wa gauti kidole gumba cha mguu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliotengeneza kimiminika kinachofanana na damu yetu waligundua kuwa asidi hiyo huzipunguzia seli za saratani makali ya fluorourasili, dawa nyingine kongwe ya saratani. Yaani tone la zao la purini lilibadilisha jibu la jaribio.

Mimi siitupi sahani. Nataka tu kila taarifa ya namna hiyo iseme waziwazi: seli za kawaida zilikuwa zinagawanyika au zimetulia, na zilikuwa zimelishwa nini?