Bei zinazoishia 99: fomula iamue, au muuzaji?

Bei ikitoka moja kwa moja kwenye hesabu, mara nyingi haifai kubandikwa. Umenunua bidhaa kwa 7.00, ukaongeza asilimia 30, ukapata 9.10; ya pili imekuja 13.37, ya tatu 4.82. Ndiyo maana wauzaji huandika fomula moja kwenye Excel, wakaiburuta hadi chini, bei zote zikaishia 99. Kwa mwenye bidhaa elfu kadhaa huo ni msaada mkubwa, na bei hazitegemei tena nani aliziandika na alikuwa amechoka kiasi gani.

Lakini ndani ya fomula kuna uamuzi wa biashara ambao huenda hakuna aliyeufanya. =ROUND(A2,0)-0.01 (A2 ni seli yenye bei ya hesabu, na ROUND huikadiria hadi namba nzima iliyo karibu) huigeuza 9.10 kuwa 8.99. Senti 11 tu, utasema. Ila gharama ya kununulia iko palepale, kwa hiyo zote zinakatwa kwenye faida: 2.10 inabaki 1.99, pungufu ya asilimia 5 na ushee. Weka =CEILING(A2,1)-0.01, inayokadiria kwenda juu, bei inaruka hadi 9.99 na faida 2.99. (Nayo ina mtego: 5.00 kamili hushuka kuwa 4.99.)

Watetezi wa fomula husema kinachopotea hapa hurudi pale. Ingekuwa hivyo kama bidhaa zote zingetoka kwa kasi moja. Zinazotoka sana zikiwa ndizo zilizoshushwa, fidia hiyo hutaiona. Mnunuzi naye ana lake: 1.10 ikipandishwa hadi 1.99 imeongezeka asilimia 81, ilhali 101.10 ikifika 101.99 haijafikisha hata asilimia 1.

Mimi naegemea orodha ya bei ulizozichagua mwenyewe, hatua fupi kwa bei ndogo na ndefu kwa kubwa, kisha XLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kwenye orodha, ichukue inayofuata juu. Kwa Excel ya kabla ya 2021 itabidi kutafuta kwa INDEX na MATCH, MATCH ikiwa na -1 mwishoni na orodha ikianzia bei kubwa. Ni kazi zaidi, na gharama ikipanda kidogo kidogo bei hutulia, halafu siku moja huruka hatua nzima. Wateja huuona mruko huo. Pembeni weka safu ya asilimia ya faida baada ya kukadiria, na kama bei ya rafuni inajumuisha kodi, kodi iongezwe kwanza, ukadiriaji uje mwisho.