Na watoto je?

Nimesoma makala kuhusu Waswidi waliohamia Marekani. Imeeleza vizuri walivyokimbilia jimbo la Minnesota baada ya njaa ya kwao ya 1867 hadi 1869, ila watoto wamepewa sentensi moja tu! Sheria ya ardhi ya Marekani ya 1862 iligawa ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka 5, na bila mikono ya watoto, wengi wasingeufikia huo mwaka wa 5. Mtoto wa miaka 7 anachunga ng'ombe, anaokota mawe shambani, na kule mbugani kusiko na miti anasokota nyasi kavu kama kamba ziwe kuni. Nyumba nyingine zilikuwa za mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi: mvua imekatika nje, ndani paa bado linadondosha tope kwenye uji. Halafu nzige, 1873 hadi 1877. Jamani!

Sisi wa Singida tunalijua Augustana, kanisa la Kilutheri la Waswidi hao wa Marekani. Wamisionari wake walifika Iramba miaka ya 1920. Marehemu bibi alikuwa akishangaa Wazungu wale walivyojua kukamua ng'ombe. Kumbe ni kazi za utotoni!