Siku Pasta Alipohasiwa

Mwenye ng'ombe mgonjwa atakusimulia shida yake mbele ya kijiji kizima. Mwenye paka hafanyi hivyo. Anangoja wateja waishe, anavuta kiti, anashusha sauti: "Mama Dokta, haya yabaki hapa."

Ndivyo alivyoanza mama mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma. Paka wake dume, mweusi tii, mwenye ukanda mweupe shingoni, aliitwa Pasta. Jina alipewa na mzee wa nyumba kwa sababu ya ule ukanda, na pia kwa sababu kila nyumba ya jirani aliyoingia alitoka ameshiba. (Watumishi wa Mungu mnisamehe, mimi sikuwepo kwenye ubatizo.)

Usiku kucha Pasta alikuwa juu ya mabati akipigana na madume wenzake. Asubuhi anarudi na jipu la kuumwa, na kabla hata hajalala anapitia viti vya sebuleni kimoja kimoja, anainua mkia, anaweka sahihi. Anayeujua mkojo wa paka dume asiyehasiwa hahitaji maelezo. Asiyeujua, Mungu azidi kumlinda.

"Si mumhasi tu?" nikauliza.

"Mzee hataki. Nikimgusia tu neno hilo anakaa amebana mapaja."

Mzee alimpenda Pasta kupita kiasi. Nyumba yao imezungushiwa ukuta wa mawe ya volkano, na kwenye mianya ya mawe yale panya wamejenga mji wao. Pasta ndiye aliyekuwa polisi pekee. Mwezi wa tano mwaka 2021, tulipoambiwa tuhame Goma kwa ajili ya volkano ya Nyiragongo, mzee alimbeba Pasta ndani ya koti mpaka mji wa Sake. Sufuria mpya za mama zilibaki. Hilo mama hajalisamehe mpaka leo, na nadhani lilichangia.

Basi tukapanga: mzee akienda kazini, Pasta aje kwangu Majengo, atarudi kesho yake, mama aseme alikuwa anatembea kama kawaida yake.

Kazi yenyewe haina hadithi. Unachoma sindano ya usingizi, unanyoa, unapasua kidogo, unafunga mshipa, unatoa. Kwa paka dume kidonda hata hakishonwi. Ninachokichukia ni ile dawa ya usingizi, ketamini, maana inamwacha paka macho wazi. Unamtia dawa ya macho yasikauke, na yeye anakukodolea kazi nzima. Unamfanyia mtu kitendo kile na anakuangalia! Nilipomaliza nikamkatia kola kwenye kindoo cheupe cha rangi ili asijilambe, nikamlaza penye giza. Hapo paka anatakiwa aachwe kwa utulivu saa kadhaa, kwa sababu akili inarudi mapema na miguu inachelewa.

Utulivu gani. Simu ikalia.

"Dokta, mzee ametoka kazini mapema, ameshanunua samaki wake wadogo, sambaza! Unamjua, hali mpaka Pasta apewe za kwake. Mlete, mlete sasa hivi!"

Nikamtia Pasta kwenye katoni ya biskuti, nikatoboa matundu, nikafunga kamba, nikapanda pikipiki na katoni mapajani. Ndani ikaanza kutoka sauti nzito, ndefu, ya mlevi anayetafuta mlango.

"Mama, mule kuna nini?" akauliza motari.

"Mgonjwa."

Hakuuliza tena. Aliongeza mwendo tu.

Tukakutana na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imesheheni makaa, inateremka, na chukudu ikiteremka ndiyo yenye barabara. Motari akakwepa, tukaruka juu ya jiwe la lava, chini ya katoni pakaachia. Pasta akatua barabarani, akasimama, miguu ya mbele ikaelekea mashariki, ya nyuma magharibi. Kisha akaona mlango wazi, akaingia.

Lilikuwa kanisa. Maombi ya jioni, jenereta inanguruma, na mada ya siku ile ilikuwa kuvunja nguvu za giza. Watu walikuwa wamesimama, macho wamefumba, wakipiga kelele "Toka! Toka!" Ndipo wa mbele wakafumbua macho wakaona paka mweusi, kola nyeupe shingoni, matako yamenyolewa, anapita katikati ya mabenchi akiyumba kushoto na kulia.

Sitaeleza zile kelele. Shemasi mmoja aliinua kiti. Nikaingia nyuma na koti langu jeupe lenye tone la damu, nikipiga mayowe: "Msimpige! Pasta! Pasta, baba, kuja hapa!"

Mhubiri akanigeukia. "Niko hapa, mama yangu. Sema."

"Si wewe, Pasta. Namtafuta Pasta niliyemhasi leo mchana."

Maikrofoni ilikuwa kati yetu. Spika mbili zilizotazama barabarani zikayapeleka maneno yale mtaa mzima.

Kimya. Wanaume wa benchi la mbele wakaketi wote kwa pamoja.

"Na... alikosa nini?" mhubiri akauliza polepole.

"Alikojolea viti."

Wakati huo Pasta alikuwa amepanda kinanda, akabonyeza noti za kwake, akavuka mpaka kwenye amplifaya, akajikunja na kulala. Paka anayetoka kwenye usingizi wa dawa mwili wake umepoa. Popote palipo na joto ni kwake. Mhubiri akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama ile kola. Akacheka yeye kwanza, na hapo wengine wakajua inaruhusiwa.

Nilipotoka naye kifuani, akina mama walinifuata mpaka barabarani wakiuliza bei. Mmoja alinivuta kando: "Unafanyia wanyama tu?"

"Wanyama tu, mama."

"Basi ni sawa. Huyu wangu ni mnyama."

Motari alikuwa ametoweka bila kudai nauli. Nikapata mwingine.

Getini nikamkuta mzee na simu mkononi, uso umemshuka.

"Mama Dokta! Umesikia? Wamemhasi pasta!"

Magoti yakalegea. Nyuma yake mama alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu zote.

"Nani... kasema?"

"Wamenipigia sasa hivi. Pale kanisani chini. Eti mwanamke mmoja amekiri mwenyewe kwenye maikrofoni! Dunia imekwisha."

"Imekwisha, Papa."

Akampokea paka wake, akambusu kichwani, sambaza tayari mkononi. Nikamwambia asimlishe nyingi usiku ule. "Na huyu wetu? Mbona kola?"

"Jipu," mama akadakia. "Nilimpeleka kwa Dokta."

"Wapi?"

"Nyuma."

Mzee ni mtu wa utaratibu. Alitoa dola zangu bila kubishana, akadai risiti. Niliandika: "Kuondoa vijipu viwili." Akaisoma chini ya taa, akaikunja, akauliza kama havitarudi tena.

"Papa, kwa hilo kaa na amani."

Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni. Tukasikia sufuria zinaanguka.